Nani anaendesha sala ya Siku ya Mungu? Historia ya watu wasiolipwa

Siku ya Mungu iliyopita, baada ya komunyo, mwenyekiti wa kamati ya liturujia katika paruasi yetu hapa kando ya ziwa Tanganyika alisimama mbele yetu na karatasi mkononi. Ilikuwa orodha ya kazi za sala ya juma linalofuata: mtangazaji, wasomaji wawili, mwimbishaji, wapiga ngoma, wahudumu wa altare, protokole wa mlangoni, watu wa kukusanya matoleo na wa kuyahesabu, watu wa kufagia siku ya posho, mtu wa kuchota maji. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja zaidi: mtu wa kupanda kwenda kuongoza sala kwenye sukursale ya mlimani, kwa sababu katekista wa kule amezeeka na miguu yake imekataa.

Mwenyekiti alisoma mistari yote, kisha akauliza: « Nani atasaidia? » Kanisa likanyamaza. Kijana mmoja aliyekaa karibu nami akanong'ona: « Wanalipa ngapi? » Benchi letu zima likacheka.

Mimi pia nilicheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikamkumbuka babu yangu, baba ya mama yangu. Alikuwa katekista. Nikaona kwamba nimecheka kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Mimi ni mwandishi wa redio. Nimetangaza habari za maaskofu waliotutembelea, za makanisa yaliyozinduliwa, za mapadri wapya waliopewa upadri. Sijawahi kutangaza habari za mtu anayefagia kanisa. Kwa hiyo juma hili nimeuliza wazee, nimesoma niliyoweza kusoma, na nimepanda mlima. Nawaletea hapa, ndugu wasomaji, niliyoyapata.

Kabla ya padri kulikuwa na mwalimu

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika kwenye ziwa letu karibu na mwaka 1880. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, kilichokuwa kimejengwa na watu wa shirika la mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, pale Kirungu, katika eneo la Moba ya leo. Historia hii imeandikwa sana. Majina ya wazungu hao yanajulikana, na picha zao zipo.

Lakini tupige hesabu kidogo. Mapadri walikuwa wachache sana, na vijiji vilikuwa vingi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa ameweka sheria kwamba mtu asibatizwe haraka: mafundisho yachukue miaka minne. Nani angekaa kijijini miaka minne akifundisha kila juma? Padri hakuweza, kwani alikuwa na vijiji vingine vingi, na safari zilifanywa kwa miguu au kwa mtumbwi. Aliyekaa ni mwalimu, yaani katekista, mtu wa hapa hapa mwenye mke, watoto na shamba.

Padri wa kwanza Mkongomani, Stefano Kaoze, alipewa upadri huko Baudouinville mwaka 1917. Kutoka mwaka 1885 hadi 1917 ni miaka 32. Katika miaka hiyo yote, Mkongomani aliyesimama mbele ya wenzake Siku ya Mungu na kuwaongoza katika sala hakuwa padri. Alikuwa mwalimu. Na hata baada ya 1917, kwa vijiji vingi, padri alikuwa mgeni wa mara chache kwa mwaka. Mwenyeji wa sala alikuwa ni yule yule mwalimu.

Hali haikuwa ya Wakatoliki peke yao. Kule Ituri, kwa ndugu zetu Waanglikana, kanisa la Boga lilijengwa juu ya kazi ya mwalimu Mganda, Apolo Kivebulaya, aliyefika huko mwaka 1896. Wakati ule hakuwa mchungaji. Alikuwa Mkristu aliyebatizwa mwaka uliotangulia tu. Aliteswa, alifungwa, akarudi tena. Baadaye alipewa upadri wa Kianglikana, akafia Boga mwaka 1933. Ukiuliza kanisa la Anglikana la Kongo lilianza na nani, hawatakutajia askofu. Watakutajia mwalimu huyo.

Na ng'ambo ya ziwa, Karema, Tanzania, kulikuwa na Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa mganga na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja! Mapadri wangapi walipita Karema katika miaka hiyo? Walikuja na kuondoka. Yeye alibaki.

Kazi ya Siku ya Mungu ilikuwa ipi? Wazee niliowauliza walinijibu karibu kwa maneno yale yale. Asubuhi na mapema mwalimu aligonga kengele, na mara nyingi kengele ilikuwa kipande cha chuma, au rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Watu walikusanyika. Aliongoza sala, alisoma, alieleza, aliimbisha. Alitangaza nani ni mgonjwa, nani amefiwa, nani anataka kuoa. Alibatiza mtoto aliyekaribia kufa. Aliandika majina katika daftari, ili padri akija ayakute. Malipo? Wazee wanasema wengine walipewa kitambaa, chumvi au pesa kidogo. Chakula chao kilitoka shambani mwao.

Kuongoza sala ilikuwa hatari

Tusifikiri kwamba kazi hiyo ilikuwa ya amani kila wakati. Serikali ya ukoloni na makampuni hawakupenda mtu mweusi awakusanye wenzake bila wao kujua anasema nini.

Isidore Bakanja alikuwa fundi mwashi aliyebatizwa mwaka 1906 kule Mbandaka. Hakuwa katekista aliyeteuliwa na mtu. Alikuwa mfanyakazi tu, lakini alipokwenda kufanya kazi kwenye shamba la kampuni, aliwafundisha wenzake kusali. Meneja wa kizungu alimkataza. Alipigwa vibaya sana, vidonda vikaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Simon Kimbangu naye alikuwa katekista wa kanisa la Kibatisti huko Nkamba, katika Kongo ya Chini. Mwaka 1921 watu wengi walianza kumfuata, na mwaka huo huo akakamatwa. Alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alisafirishwa mpaka upande wetu huu wa Waswahili, Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani karibu miaka 30. Alifia huko mwezi Oktoba 1951. Kanisa lililozaliwa kwake lilibaki bila majengo na bila ruhusa kwa miaka mingi, lakini sala haikukatika. Nani aliyeiendesha? Watu wa kawaida, majumbani, kwa siri.

Siwataji hawa wawili kwa sababu naona makanisa yote ni mamoja. Kila kanisa lina mafundisho yake. Nawataja kwa sababu jambo moja linafanana: hakuna aliyewaajiri kuwakusanya watu, na walipokatazwa na wenye nguvu, walilipa kwa miili yao.

Mwaka 1964, na kosa la babu yangu

Sasa nafika kwetu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, mapadri wawili na bruda mmoja waliuawa hapa katika eneo letu, pamoja na padri mmoja mzaliwa wa ziwa hili. Bruda Vittorio Faccin na padri Luigi Carrara, Waitaliano wa shirika la Waksaveri, waliuawa Baraka. Padri Giovanni Didonè, naye Mksaveri, na padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Joubert alikuwa mtoto wa kapteni Joubert, yule Mfaransa aliyelinda misioni ya Mpala, na mama yake alikuwa Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri. Wengi wenu mlikuwepo. Mimi nilikuwepo na mikrofoni yangu.

Siku ile kila mtu alizungumzia wanne hao, na ni haki yao. Lakini mama yangu aliyekuwa pembeni yangu aliniuliza swali ambalo sikulijibu: « Na Siku ya Mungu iliyofuata, wewe unafikiri nani alisalisha? »

Mwaka 1964 mama yangu alikuwa mtoto wa miaka minane. Anakumbuka kwamba watu wa kijiji chao walikimbilia porini, juu milimani. Babu yangu alichimba shimo, akaweka vitabu vya sala ndani ya chungu, akakifunika na udongo. Alikwenda porini mikono mitupu. Huko alisalisha kwa kichwa, kwa yale aliyoyakumbuka. Hapakuwa na kengele, maana kengele ingewaita wenye bunduki. Hapakuwa na ngoma. Waliimba kwa sauti ya chini kama watu wanaomliwaza mtoto. Mama anasema wanawake ndio waliopeleka habari kutoka kibanda hadi kibanda: kesho ni Siku ya Mungu, njooni pale penye mti mkubwa.

Babu alihesabu siku kwa kukata alama kwenye fimbo. Walikaa porini miezi mingi. Walipotoka na kukutana na watu wengine, waligundua kwamba hesabu ilipotea mahali fulani. Kwa muda usiojulikana, wao walikuwa wanasali Siku ya Mungu yao katika siku ya kazi mbili!

Watu walicheka sana, na mpaka leo wajukuu tunacheka. Babu hakucheka. Mama anasema jambo hilo lilimkera mpaka kufa kwake, kama mhasibu aliyepoteza pesa za watu. Alimwambia padri aliyekuja baadaye, akaomba msamaha. Sijui padri alimjibu nini. Mimi najua kitu kimoja tu: watu wale walikuwa na sala kila siku ya saba, ingawa haikuwa Siku ya Mungu kwa wengine, kwa sababu mtu mmoja alikata alama kwenye fimbo.

Nilimuuliza mama kama alilipwa. « Mwanangu, babu yako hakulipwa hata likuta moja. Ila watu walimlimia. » Tulishike neno hilo la mwisho. Nitalirudia.

Maaskofu wanaona kile kilichokuwepo

Mwaka 1961, mwaka mmoja hivi baada ya uhuru, maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville. Walikubaliana kwamba paruasi kubwa peke yake haitoshi, na kwamba Wakristu wajipange katika vikundi vidogo vinavyoishi na kusali pamoja. Hapo ndipo yalipotoka mashirika tuliyo nayo leo katika kila kartie na kila kijiji. Mtu wa Kivu akisema « shirika letu », hasemi kampuni wala chama. Anasema majirani wanaosali pamoja, wanaochangia msiba, na wanaopeana zamu ya kufagia kanisa.

Kinshasa, kardinali Joseph-Albert Malula alikwenda mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 aliwapa walei madaraka ya kuongoza paruasi. Waliitwa bakambi, neno la Kilingala lenye maana ya viongozi. Walikuwa watu wenye ndoa na kazi zao za kawaida. Padri alibaki kwa ajili ya sakramenti, lakini mkambi ndiye aliyepanga maisha ya paruasi. Tena mke wake alipaswa kukubali kwanza, kwani kazi ile iliingia mpaka nyumbani.

Ndio wakati ambapo Mobutu alikuwa akibana makanisa. Majina ya Kikristu yalipigwa marufuku mwaka 1972, vikundi vya vijana vya makanisa vilizuiwa, na Noeli ikaondolewa katika sikukuu za serikali mwaka 1974. Ukifunga ofisi ya kanisa, unaweza kuweka kufuli. Shirika linalokutana chini ya mwembe wa mama fulani utalifungaje?

Halafu, mwaka 1988, Roma ilikubali Misa ya majimbo ya Zaire, ile tunayoiita riti ya Kizaire au ya Kikongomani. Wengi wanaijua kwa sababu ya kucheza, ngoma na kuwaita wahenga pamoja na watakatifu mwanzoni. Mimi, kama mtu wa redio, naipenda kwa jambo lingine. Katika riti hiyo, mtu wa kwanza kusema si padri. Ni mtangazaji. Yeye huwasalimia watu, huwaambia siku hii ni siku gani, huwaandaa kumpokea padri anayeingia. Ni kama kijijini: mkubwa haingii barazani kimya kimya, kuna mtu wa kumtangaza na wa kuwakalisha watu.

Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa riti hiyo Roma, katika kanisa la Mtakatifu Petro, tarehe 1 Desemba 2019. Na alipokuja Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023, watu zaidi ya milioni moja walikusanyika Ndolo. Nilipoangalia picha za siku ile niliwatafuta wale wasioonyeshwa sana: waliobeba maji, waliopanga mistari, waliokesha uwanjani. Hata sala ya milioni inaanza na mtu mwenye ufagio.

Akina mama, na miezi mitano ya milango kufungwa

Historia hii ina deni moja kubwa, nalo ni kwa akina mama. Kwa miaka mingi wao walifagia, walifua nguo za altare, walichota maji, walijaza kwaya, na hawakuitwa wahudumu wa kitu chochote. Kusoma mbele walianza kuruhusiwa pole pole, na kwetu leo wanasoma kuliko wanaume. Lakini ni mwezi Januari 2021 tu ambapo Papa Fransisko alibadili sheria ili wanawake waweze kupewa rasmi huduma ya usomaji na ya altare. Mwezi Mei mwaka huo huo aliweka pia huduma rasmi ya katekista. Wazee wetu walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya mia moja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumepata somo lingine. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya korona, Rais Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa makanisa nchini kote. Yalifunguliwa tarehe 15 Agosti. Karibu miezi mitano! Katika redio yetu tulirusha Misa kutoka studio. Tulikuwa watu watano tu: padri, mwimbishaji, msomaji, fundi mitambo na mimi. Studio yetu ni ndogo kama jiko. Msomaji alikuwa mama muuza samaki ambaye hakuwahi kusema kwenye mikrofoni. Alitetemeka siku ya kwanza. Siku ya tatu alinisahihisha mimi matamshi.

Huko nje, mashirika yalisali nyumbani, familia kwa familia, karibu na redio. Nani alipita kuwakumbusha majirani saa? Nani alinunua betri? Mnajua wenyewe. Hakuna tangazo la kazi lililotolewa.

Leo inagharimu nini

Sasa nirudi kwa kijana wa benchi letu. Sitaki kumhukumu. Swali lake ni swali la nchi ambamo mwalimu wa shule anangoja mshahara na askari anangoja mshahara. Ameona pia watu wakipanda cheo kanisani kwa ajili ya suti na viti vya mbele. Kwa nini yeye atoe bure?

Tena tusisahau kwamba kuhudumu bado ni hatari katika mashariki ya nchi yetu. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi katika kanisa la Kipentekoste, wakati watu wamekusanyika kwa ubatizo. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, Ituri, waasi wa ADF waliwaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa waamini waliokuwa kanisani katika mkesha wa sala. Anayesimama mlangoni leo kama protokole, akiangalia nani anaingia na mfuko gani, hafanyi mchezo.

Na kuna gharama ndogo ndogo zisizoonekana. Kwa ndugu zetu Wapentekoste hapa jirani nilimtazama mtafsiri. Mhubiri anasema Kifaransa, yeye anageuza Kiswahili, papo hapo, saa mbili nzima, amesimama. Mhubiri akipandisha sauti, naye anapandisha. Mhubiri akilia, naye analia. Mwisho wa sala watu wanamshukuru mhubiri. Mtafsiri anakunywa maji, anarudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya kazi ine nilipanda hadi kwenye ile sukursale ya mlimani. Nilitembea saa tatu. Nilimkuta katekista amekaa mlangoni kwake. Nilimsalimu: « Jambo mwalimu. » Akaniuliza jina la ukoo wangu kwanza, kisha akasema alimfahamu babu yangu. Alinionyesha madaftari matatu. Ndani kuna majina ya waliobatizwa, waliooana na waliokufa, mengine kwa kalamu ya risasi, mengine yameliwa na panya pembeni. Nilimwambia watu wanasema amechoka. Akatikisa kichwa: « Hapana, mtoto wangu. Kusali sijachoka. Nimechoka kupanda. » Maana nyumba yake iko bondeni, na kanisa liko juu.

Nikamuuliza anahitaji nini. Nilidhani atataja pesa. Alitaja botte za mvua, tochi, na watu wa kumlimia, kwa sababu mwaka huu hakuweza kulima. Akaongeza: « Zamani walilima. Sasa wanafikiri ninyi wa mujini mnanilipa. » Na sisi wa mujini tulifikiri watu wa kijiji wanamsaidia. Hivyo ndivyo mzee wa watu anavyobaki na njaa kati ya pande mbili zinazomheshimu.

Hapo nilielewa swali la kijana vizuri zaidi. Historia inaonyesha kwamba kazi hii haikulipwa, lakini haikuachwa bila kitu. Watu walimlimia mwalimu. Walimjengea. Mtoto wake akiugua, waliamka naye usiku. Tulichopoteza si moyo wa kujitolea peke yake. Tumepoteza ile sehemu ya pili, yaani wale waliojitolea kwa ajili ya mtu aliyejitolea. Tukimwambia kijana atumike bure kama babu zetu, tumwambie pia ukweli huo, na tushike jembe.

Mkutano wa shirika letu ulifanyika juzi. Nilieleza niliyoyaona. Palikuwa na mabishano, maana wengine walisema hiyo ni kazi ya paruasi, na wengine walisema ni kazi ya watu wa mlimani. Mwishoni ilikubaliwa kwamba siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi watu sita watapanda na majembe. Botte zimepatikana. Tochi bado.

Orodha ya mwenyekiti bado imebandikwa mlangoni mwa kanisa. Nimeandika jina langu kwenye mstari wa mwisho, mara moja kwa mwezi, kwa kupokezana na wengine wawili. Mmoja wao ni yule mama muuza samaki. Mstari wa mtu wa kuchota maji na mmoja wa wapiga ngoma bado ni mitupu, na yule kijana nimemwambia.

Ombi langu kwenu, ndugu wasomaji, ni hili. Madaftari ya wakatekista wetu yanaliwa na panya. Waulizeni wazee wa nyumbani kwenu: nani alisalisha kijijini kabla ya padri kuja? Nani alisalisha wakati wa vita? Andikeni majina, mwaka na kijiji, mtuletee redioni. Tutayasoma hewani kila Siku ya Mungu asubuhi, kabla ya sala. La babu yangu nitalisoma pia, pamoja na kosa lake la siku ya kazi mbili.